Flashi ya Kuwekea Linux Mint: Kuanzia Kupakua Faili Hadi Laptopu Kuwaka

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila kwa mtu ambaye hakujiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza, masasisho ya usalama yalikoma. Windows 11 nayo haizikubali rasmi laptopu nyingi zilizo mikononi mwetu, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7450, ThinkPad T460: mashine hizi za mtumba kutoka maofisini Ulaya na Marekani bado zina nguvu, kibodi zake ni nzuri kuliko za laptopu nyingi mpya za bei rahisi, lakini kizazi chake kiko chini ya hapo.

Njia mojawapo ya kuendelea kuzitumia ni kuziwekea Linux, mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows, na hapa nitatumia aina yake iitwayo Linux Mint. Kuandika flashi kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Watu hukwama kabla yake na baada yake: faili limeshuka nusu, flashi ni feki, imefutwa diski isiyo yenyewe, au flashi imeandikwa vizuri kabisa lakini kompyuta haitaki kuiona. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Chagua toleo

Mint ina sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kama laptopu ina RAM ya GB 8, chukua Cinnamon. Kama ni GB 4, chukua Xfce na usijisumbue kulinganisha. Wenyewe wanasema kiwango cha chini ni RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Inawaka kweli kwa GB 2, ila ukifungua kivinjari chenye tabo tano utatamani kulia.

Matoleo ya familia ya 22 yanahudumiwa hadi mwaka 2029. Yote ni ya biti 64. Laptopu nyingi za miaka 15 iliyopita zinakubali biti 64 hata kama fundi aliziwekea Windows ya biti 32, kwa hiyo usikate tamaa kwa kuangalia Windows iliyomo. Angalia jina la prosesa yenyewe.

Flashi

Flashi ya GB 8 inatosha. Faili la Mint lina karibu GB 3, hivyo hata ya GB 4 inaweza kupita, ila nani bado anauza GB 4? Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Nyimbo za kwaya, CV, picha za harusi ya dada, zote zihamishe kwanza.

Kuna jambo moja la flashi za sokoni. Zipo feki ambazo zimeandikwa GB 64 au hata TB 2 juu, na kompyuta inaonyesha hivyo hivyo, kumbe ndani chipu ni ya GB 4 au 8. Ukiandika kupita ukubwa wake halisi, data inapotea kimyakimya bila ujumbe wowote wa kosa. Matokeo yake unayaona baadaye, usakinishaji unapofika katikati na kusema faili halisomeki. Rufus, programu tutakayoitumia, ina alama ya kuchagua iitwayo "Check device for bad blocks" ndani ya "Show advanced format options", na inagundua flashi za namna hiyo. Inachukua muda mrefu kwa flashi kubwa. Kwa flashi uliyonunua leo kwa bei ya kushangaza, subiri tu. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na programu ya F3.

Kupakua bila kuchoma bando mara mbili

Nenda kwenye tovuti ya linuxmint.com peke yake, sehemu ya Download. Utakuta njia mbili: torenti, yaani kupakua vipande vipande kwa programu maalumu, na orodha ndefu ya seva iliyopangwa kwa nchi. Kama mtandao wako unakatikakatika, chukua torenti. Umeme ukikatika au bando likiisha kwenye asilimia 80, ukirudi inaendelea pale pale, na kila kipande kinahakikiwa kinapoingia. Kivinjari cha kawaida mara nyingi hukuanzisha upya, na GB 3 zako zimekwenda.

Kama unapakua kwa kompyuta yenye Linux tayari, amri ya `wget -c` ikifuatiwa na kiungo cha faili inaendeleza pale ilipoishia. Kwa anayetegemea kifurushi cha usiku, hiyo inatosha kabisa.

Unaweza pia kupakua kwa simu kisha uhamishe kwa waya. Angalia tu simu ina nafasi.

Hakiki faili kabla ya kitu kingine

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi. Mnamo Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakabadilisha kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, na waliopakua tarehe 20 ya mwezi huo walipewa faili lenye mlango wa nyuma ndani yake, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Hilo ni tukio la nadra. La kila siku ni faili lililopungua kidogo njiani, ambalo litaandikwa kwenye flashi bila shida na kukusumbua jioni nzima baadaye.

Pale pale unapopakulia kuna faili dogo liitwalo `sha256sum.txt`. Ndani yake, kila toleo lina mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows, fungua folda lilimo faili lako, bofya kwenye upau wa anwani juu, andika `cmd`, bonyeza Enter. Dirisha jeusi likifunguka andika:

`certutil -hashfile linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso SHA256`

Badilisha jina la faili liwe la toleo ulilopakua wewe. Baada ya nusu dakika au zaidi utapewa mfuatano wa herufi 64. Ulinganishe na ule wa kwenye `sha256sum.txt`, wote mzima. Njia rahisi ni kunakili mmoja, kufungua faili la maandishi, bonyeza Ctrl+F, bandika. Ukipatikana, faili liko salama. Usipopatikana, usijaribu bahati yako, pakua upya.

Kwenye Linux ni mstari mmoja, ukiwa ndani ya folda lenye mafaili yote mawili:

`sha256sum -c sha256sum.txt --ignore-missing`

Unataka kuona neno OK mwishoni mwa jina la faili.

Anayekumbuka mkasa wa 2016 atauliza: mtu akiiteka tovuti si atabadilisha na huo mfuatano? Anaweza. Ndiyo maana kuna faili la pili, `sha256sum.txt.gpg`, lenye sahihi ya kidijitali ya Mint, na maelekezo ya kuihakiki yako kwenye mwongozo wao wa usakinishaji. Kwa kompyuta ya ofisi au ya mtu anayeshika fedha za watu, ningefanya hata hiyo.

Kabla hujagusa chochote: nakala na BitLocker

Nakili vitu vyako kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Si ile utakayoiandika. Nakala iliyo kwenye diski D ya laptopu hiyo hiyo si nakala, kwa sababu D na C kwa kawaida ni vipande viwili vya diski moja.

Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Kwenye Windows 10 au 11 tafuta neno BitLocker au "Device encryption" katika Settings. Laptopu zilizotoka kampuni za nje mara nyingine zinayo, na mwenyewe hajui. Ikiwa imewashwa na unapanga kubaki na Windows, izime na usubiri ifungue diski yote, au walau uhifadhi ufunguo wa akiba mahali nje ya kompyuta hiyo. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) bila ufunguo huo, Windows inaweza kukudai tarakimu 48 usizokuwa nazo, na hakuna fundi wa mtaani atakayezibuni.

Kuandika flashi kwa Rufus

Rufus ni programu ndogo ya Windows, haisakinishwi, unaipakua kutoka rufus.ie na kuifungua. Chomoa flashi nyingine zote na diski za nje kwanza. Ukibaki na moja tu mashineni, uwezekano wa kufuta isiyo yenyewe unapungua sana.

1. Chomeka flashi, fungua Rufus. Juu kabisa, penye "Device", hakikisha jina na ukubwa ni vya flashi yako. Flashi ya GB 16 itaonekana kama GB 14 na kitu, ni kawaida: kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024.

2. Bofya SELECT, chagua faili la Mint, lile la ISO linaloishia na `.iso`.

3. "Partition scheme" weka MBR na "Target system" itakuwa "BIOS or UEFI" (UEFI ni BIOS ya kisasa; MBR na GPT ni namna mbili za kupanga diski). Mpangilio huu unawaka kwenye mashine za zamani na mpya, kwa hiyo usihangaike na GPT isipokuwa una sababu.

4. Kama kuna kitelezi cha "Persistent partition size", kiache kwenye 0. Hicho ni cha anayetaka kutembea na Linux kwenye flashi na kuhifadhi kazi zake humo.

5. Bofya START. Rufus inaweza kuomba kupakua mafaili mawili matatu madogo, kubali. Kisha itasema imegundua faili la aina ya ISOHybrid na kuuliza uandike kwa namna gani. Acha iliyopendekezwa, "ISO Image mode". Kumbuka hapo palikuwa na chaguo la pili, "DD Image mode", utalirudia ikiwa flashi itakataa kuwaka.

6. Onyo la mwisho litakuambia kila kitu kwenye flashi kitafutwa. Soma jina la flashi kwa mara nyingine, kisha OK.

Mstari wa kijani ukijaa na kuandika READY, umemaliza. Funga, toa flashi kwa utaratibu, usiichomoe tu.

Kuna wanaouliza kwa nini wasilinakili faili la ISO kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo. Faili hilo ni picha ya diski nzima, pamoja na sehemu ya mwanzo ambayo kompyuta huisoma inapowaka. Ukilinakili tu, umeweka gunia la unga sufuriani bila kulifungua: unga upo, ugali haupo.

Kama huna Windows

Kwenye Mac au Linux kuna balenaEtcher yenye vitufe vitatu: chagua faili, chagua flashi, andika. Inazificha diski za ndani kwa kawaida na inahakiki ilichoandika. Ni nzito kidogo kwa kazi iliyo ndogo hivi, lakini kwa anayeanza ni salama.

Kama tayari unayo Mint mahali, bofya kulia faili la ISO na uchague "Make bootable USB stick". Hakuna kingine.

Wapenzi wa dirisha jeusi watatumia `dd`. Hapa ndipo diski za watu zimefutika, kwa hiyo twende polepole. Kabla ya kuchomeka flashi, andika `lsblk`. Chomeka, andika tena `lsblk`. Kilichoongezeka ndicho flashi. Utaona kitu kama hiki:

`sda  465.8G disk`
`sdb   14.5G disk`
`└─sdb1 14.5G part /media/…`

Hapa `sda` ni diski ya kompyuta na `sdb` ni flashi. Kwenye mashine yako herufi zinaweza kuwa tofauti, na diski mpya za NVMe huitwa `nvme0n1`. Amri yenyewe:

`sudo umount /dev/sdX1`
`sudo dd if=linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Weka herufi yako mahali pa X. Kwenye `of=` ni flashi nzima, `sdb`, bila ile namba 1 ya mwisho. `dd` haiulizi "una hakika?" Inafanya ulichoiambia.

Na kama kompyuta pekee uliyonayo ndiyo hiyo iliyokufa? Tumia simu. Kuna programu huria ya Android iitwayo EtchDroid. Unahitaji simu inayokubali OTG na kile kiunganishi kidogo cha kuchomeka flashi kwenye simu, kinachouzwa kwenye vibanda vya vifaa vya simu. Unapakua ISO kwenye simu, unachagua faili, unachagua flashi, inaandika. Simu iwe na chaji ya kutosha na usiitikise waya. Inafaa kwa ISO za Linux; ya Windows haitafanya kazi hivyo.

Mafundi wanaopiga Windows na Linux kila siku watapenda Ventoy: unaiandaa flashi mara moja, baada ya hapo unanakili ISO nyingi unavyotaka na kuchagua wakati wa kuwasha. Kwa laptopu moja sioni haja.

Kuiwasha kompyuta kwa flashi

Windows inapozimwa kwa "Shut down" mara nyingi haizimiki kabisa. Kuna kitu kiitwacho Fast Startup kinachoilaza nusu, na kinaweza kukufanya ukose nafasi ya kubonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia. Zima kompyuta kabisa: shikilia Shift ukibofya "Shut down". Chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kubonyezabonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, usisubiri nembo itokee.

Kwenye HP ni Esc kisha F9. Dell ni F12. ThinkPad ni F12. Lenovo IdeaPad nyingi zina tundu dogo ubavuni, unaingiza pini ya laini ya simu kompyuta ikiwa imezimwa. Asus ni Esc. Toshiba ni F12. Acer ni F12 pia, lakini mara nyingi imefungwa: ingia BIOS kwa F2, tafuta "F12 Boot Menu", iwashe, hifadhi kwa F10. Kama vitufe vya juu vya laptopu yako vimezoea kupunguza sauti na mwanga, shika na Fn pamoja.

Ukiona orodha, flashi inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele na nyingine bila. Usichague kwa kubahatisha kama unataka kubaki na Windows. Kabla ya kuzima, ndani ya Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `msinfo32`, soma mstari wa "BIOS Mode". Ukisema UEFI, chagua flashi yenye UEFI. Ukisema Legacy, chagua isiyo na neno hilo. Mifumo miwili iliyowekwa kwa njia mbili tofauti kwenye diski moja haionani, na ndipo mtu anaposema "Linux imekula Windows yangu".

Vidole visipowahi kabisa, kuna njia ya ndani: kwenye Windows shikilia Shift ukibofya Restart, kisha chagua "Use a device".

Flashi ikikataa

Flashi haionekani kwenye orodha: ihamishe tundu. Kwenye baadhi ya mashine za zamani tundu la buluu, yaani USB 3, halisomwi wakati wa kuwaka, la jeusi linasomwa. Ukitumia kigawanyio cha USB, kiondoe.

Inaonekana lakini ukiichagua inarudi kwenye Windows au kioo cheusi chenye kialamisho kinachopepesa: irudie kwa Rufus, safari hii kwa "DD Image mode".

Kunatokea maneno "Security Violation" au "Verifying shim SBAT data failed": Secure Boot, ulinzi unaokubali vianzishio vilivyoidhinishwa tu, imekataa. Mint inawaka na Secure Boot ikiwa imewashwa, lakini sasisho la Windows la Agosti 2024 lilipiga marufuku vianzishio vya zamani vya Linux, kwa hiyo ISO ya miaka iliyopita uliyopewa na rafiki itagoma. Pakua toleo jipya. Ikishindikana, zima Secure Boot ndani ya BIOS, ukikumbuka lile onyo la BitLocker.

Menyu ya Mint inatokea, ukichagua mstari wa kwanza kioo kinakuwa cheusi: mara nyingi ni kadi ya Nvidia. Rudi, chagua mstari wa "compatibility mode".

Jaribu kwanza, usikimbilie kusakinisha

Ukishaona meza ya Mint (desktop), bado hujagusa diski. Kila kitu kinaendeshwa kutoka kwenye flashi na RAM. Tumia nafasi hiyo. Unganisha Wi-Fi. Cheza video, sikiliza sauti. Fungua kamera. Punguza na ongeza mwanga. Funga kifuniko, subiri, fungua tena uone kama inaamka.

Wi-Fi ndiyo yenye visa, hasa chipu za Broadcom zinazohitaji dreva ya pembeni. Ukikwama, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki mtandao kwa USB. Mint huichukulia kama waya wa mtandao bila kuuliza chochote, kisha fungua "Driver Manager" ikutafutie dreva. Angalia kifurushi chako tu.

Kwa aliyenunua laptopu ya mtumba, au anayetaka kununua na muuzaji amemruhusu kujaribu, hapa kuna zawadi. Fungua programu ya "Disks", chagua diski ya ndani, bofya vitone vya menyu juu, kisha "SMART Data & Self-Tests". Tafuta mstari wa saa ambazo diski imewaka. Ukiona 20,000, hiyo ni sawa na zaidi ya miaka miwili mfululizo usiku na mchana. Angalia pia idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani "Reallocated Sector Count". Ikiwa si sifuri na inaongezeka, diski inakufa. Muuzaji anaweza kufuta vumbi na kubandika stika mpya, lakini namba hizo zimo ndani ya diski yenyewe.

Na kama Windows ya laptopu hiyo imegoma kuwaka na mafaili yamo ndani, huu ndio wakati wa kuyatoa. Fungua kidhibiti cha mafaili, bofya diski ya ndani, nakili nyaraka kwenda diski ya nje. Kazi hii peke yake inatosha kuifanya flashi hii ikae kwenye begi.

Kusakinisha

Laptopu iwe kwenye umeme na betri yake iwe na uhai. Betri nyingi za mtumba hudumu dakika kumi, na umeme kukatika wakati diski inagawanywa ni balaa. Kama mtaani kwenu kuna mgao, fanya saa ambazo umeme huwa umetulia.

Bofya "Install Linux Mint" kwenye meza. Chagua lugha, kibodi acha "English (US)" kwa laptopu nyingi za huku. Ukiulizwa kuhusu "multimedia codecs" (za kuchezea video na muziki) na huna intaneti ya kutosha, usiweke alama. Utaziweka baadaye kwenye menyu.

Swali linalohesabika ni moja, "Installation type". "Erase disk" inafuta diski nzima, Windows na vyote. Ni chaguo safi kwa mashine ambayo Windows yake huitaki tena. "Install alongside" inaiacha Windows na kukupa mstari wa kugawanya nafasi. Iache Windows na angalau GB 20 za bure juu ya inazotumia, na Mint ipe 50 kwenda juu ukiweza. Mimi hupendelea kuipunguza Windows kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwenye "Disk Management", kisha nije na nafasi tupu iliyo tayari. "Something else" ni ya anayejua anachofanya.

Diski isipoonekana kabisa hapo, ingia BIOS utafute mpangilio wa SATA au hifadhi ulioandikwa RAID, RST au VMD. Ubadilishe kuwa AHCI. Windows iliyopo inaweza kukataa kuwaka baada ya hapo, kwa hiyo kama unaihitaji soma kwanza namna ya kuiandaa kwa Safe Mode.

Saa za eneo chagua kwa ramani, Dar es Salaam au Nairobi, zote ni ile ile. Jina la mtumiaji liwe herufi ndogo bila nafasi. Nenosiri liandike mahali, kwa sababu utaombwa kila unapoongeza programu. Baada ya dakika 10 hadi 30, kutegemea diski, utaambiwa uwashe upya. Ikikuambia toa flashi, toa, bonyeza Enter.

Mambo mawili ya kwanza baada ya kuwaka

Ikiingia Windows moja kwa moja kana kwamba hukufanya kitu, ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwashia, pandisha juu jina "ubuntu". Ndiyo, Mint hujiandikisha kwa jina hilo kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu.

Kama umebaki na mifumo miwili, utashangaa saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu. Linux huhifadhi saa ya kimataifa kwenye mashine, Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Dawa, ndani ya Mint:

`timedatectl set-local-rtc 1`

"Update Manager" itakuonyesha rundo la masasisho, mamia ya MB. Kwa kawaida haiyapakui bila wewe kuiruhusu, kwa hiyo bando lako halitaliwa usiku ukiwa umelala. Yafanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya maana, ila usiyaahirishe miezi.

Flashi ukitaka irudi kwenye kazi ya nyimbo, Windows inaweza kuionyesha pungufu au kukuambia ni lazima iumbizwe. Kwenye Mint tumia "USB Stick Formatter", kwenye Windows fungua Rufus, chagua "Non bootable" penye "Boot selection", kisha START. Kama unayo nyingine ya nyimbo, iache hii ilivyo na uibandike karatasi yenye jina la toleo na mwaka, ili ukiihitaji mwaka kesho ujue kama ni ya zamani mno kwa Secure Boot.